Kompyuta Mpya Yenye Nguvu: Iandae, Ipime, Ndipo Uikabidhi Kazi

Kompyuta kuwaka na kufungua Windows hakuthibitishi kwamba ni nzima. Kijiti cha RAM (kumbukumbu ya kazi) chenye kasoro ndogo kinaweza kukaa kimya wiki nzima, kisha siku moja kikaharibu faili bila onyo lolote. Kadi ya picha inaweza kutumia nusu tu ya njia zake za data, na RAM uliyoilipia kasi ya 6000 ikabaki kwenye 4800 mpaka siku unapoiuza. Kwa hiyo tunashikilia utaratibu mmoja: majaribio yafanywe kwanza kwa mipangilio ya kiwandani ndipo kasi ziongezwe, faili zako zisiingie humo kabla hayajaisha, na yote yakamilike wakati muda wa kurudisha mzigo bado upo. Tenga siku tatu pamoja na usiku wake. Sehemu kubwa ni kusubiri.

Kabla ya kuingiza umeme

Mashine iliyosafiri kwenye baridi iachwe ndani ya boksi saa kadhaa hadi ishike joto la chumba, la sivyo unyevu utatanda juu ya madabodi. Boksi na sponji usivitupe. Ikibidi kuirudisha, hakuna kifungashio kingine kitakachoishika kadi ya picha yenye uzito wa kilo mbili.

Fungua ubavu wa kasha. Wauzaji wengi wa mashine zilizokwisha unganishwa hujaza mto wa povu kati ya kadi ya picha na sakafu ya kasha ili kadi isicheze njiani, na kuna wanunuzi wanaowasha bila kujua kama upo. Utoe taratibu, usivute pamoja na waya. Ubavu ukiwa wa kioo, ulaze juu ya kitambaa au kadibodi, kamwe si juu ya vigae: kigae ni kigumu kuliko kioo, na pembe ikikigonga kidogo tu kioo chote husambaratika.

Swichi ya nyuma ya pawa saplai ikiwa imezimwa, gusa chuma kitupu cha kasha kuondoa umemetuli, kisha pitia ndani kwa vidole na tochi.

Anza na kadi ya picha. Iwe imekaa mpaka mwisho kwenye sloti ya juu, lachi ya sloti imefunga, na skrubu za nyuma zimekaza. Kadi ndefu ikiinama upande wa mbele, iwekee nguzo ya kuitegemeza. Uzito ukining'inia miezi mingi huichosha sloti yenyewe.

Plagi yake ya umeme inastahili dakika nzima. Kadi kubwa za NVIDIA za mfululizo wa 40 na wa 50 hutumia plagi ya pini 16 inayoruhusiwa kubeba hadi wati 600. RTX 4090 hula wati 450, RTX 5090 wati 575, zote kupitia pini zile ndogo. Plagi ikiingia nusu, umeme hupita kwenye eneo dogo la chuma, eneo hilo huchemka, plastiki huyeyuka. Isukume mpaka pasionekane mwanya wowote kati ya plagi na tundu, na waya usianze kukunjwa kabla ya milimita 35 kutoka kwenye plagi. Ikiwa kioo cha ubavu kinaukandamiza waya, kasha hilo ni jembamba mno kwa kadi hiyo. Hilo halina ufundi mwingine zaidi ya kubadilisha kasha au kununua kebo yenye kona kutoka kwa aliyetengeneza pawa saplai.

Vijiti viwili vya RAM vikae sloti ya pili na ya nne ukihesabu kuanzia kwenye prosesa, zile zinazoandikwa A2 na B2. Vikikaa vyote upande wa A, kompyuta itawaka vizuri tu, ila RAM itapitisha data kwa njia moja badala ya mbili. Bonyeza kila kijiti kwenye ncha zote mbili. Kijiti kilicholegea upande mmoja ni chanzo cha kawaida kabisa cha skrini nyeusi baada ya safari.

Kipozaji cha maji kina mambo matatu. Waya wa pampu uwe kwenye tundu lililoandikwa pampu au lile la feni ya prosesa. Rejeta, ikiwa imefungwa wima, iwe na sehemu fulani iliyo juu kuliko pampu, maana hewa hukimbilia juu na hutaki ikae ndani ya pampu. Mipira ya kupitishia maji isibanwe. Sauti ya maji kububujika dakika chache za mwanzo si neno; ikiendelea siku ya pili, hewa imenaswa kwenye pampu.

Ukiwa umeunganisha mwenyewe, ongeza haya: karatasi ya nailoni iwe imebanduliwa chini ya kipozaji na kwenye pedi ya joto ya SSD, plagi ya pini 24 na zote mbili za prosesa ziwe zimefunga lachi, na usitumie kebo za pawa saplai nyingine hata kama zinaingia. Mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hauna kiwango kimoja, hivyo kebo ya kampuni nyingine yaweza kupeleka volti 12 mahali panapotaka volti 5. Diski zikiungua hivyo, hakuna waranti itakayokusikiliza.

Umeme wa ukutani na skrini

Mashine ya daraja hili ikifanya kazi kwa nguvu zote yaweza kuvuta wati 800 hadi zaidi ya 1000. Ichomeke moja kwa moja ukutani au kwenye kizuia mawimbi ya umeme kizuri, si kwenye ekstensheni nyembamba inayolisha pia feni na pasi. Kwa UPS, soma wati, si VA: iliyoandikwa 1500 VA mara nyingi hutoa wati 900 tu. Tafuta inayotoa wimbi halisi la sain. Pawa saplai nyingine za kisasa huzima ghafla zinapopewa wimbi la kuigiza umeme unapokatika.

Kebo ya skrini ichomeke kwenye kadi ya picha, yaani matundu yaliyolala chini, si yale ya wima ya madabodi. Ukichomeka juu utapata picha kutoka kwenye prosesa, au usipate kabisa, na kadi ya bei kubwa itabaki imekaa bure. Kwa skrini ya 4K yenye Hz 144 tumia DisplayPort au HDMI 2.1 na kebo iliyokuja na skrini. Kebo ya zamani ya HDMI itakubali Hz 60, au itafanya skrini iwe inazimika sekunde moja moja, na lawama utaipeleka kwa kadi isiyo na kosa.

Kwa sasa chomeka kibodi, kipanya na skrini moja tu. Antena za Wi-Fi nazo zifungwe nyuma. Bila hizo mtandao utaonekana mbovu hata rauta ikiwa mita tatu.

Kuwasha mara ya kwanza

Mashine yenye RAM ya DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza inaweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa, wakati mwingine ikijizima na kujiwasha yenyewe. Hapo prosesa inajipimia muda wa kuzungumza na RAM. Ukiizima katikati inaanza upya. Ipe dakika 15 kamili kabla ya kuanza kutafuta mchawi; kadiri RAM ilivyo nyingi ndivyo inavyochelewa.

Ikizidi hapo, angalia taa ndogo nne za uchunguzi kwenye madabodi, kwa kawaida upande wa kulia: CPU, DRAM, VGA na BOOT. Taa inayobaki imewaka ndiyo hatua iliyokwama. DRAM ikiwaka, acha kijiti kimoja kwenye A2 ujaribu, kisha kingine. VGA ikiwaka, toa kadi na uirudishe, ukague plagi yake. BOOT kuwaka kwenye mashine isiyo na mfumo endeshi ni jambo la kutarajiwa.

Ingia BIOS (programu ya madabodi inayotangulia Windows) kwa kugonga Delete au F2 mfululizo mara tu unapowasha. Linganisha na risiti: jina la prosesa, jumla ya RAM, SSD zote, mizunguko ya feni na ya pampu. Pampu ikisoma 0, zima. Joto la prosesa ndani ya BIOS likitulia kati ya nyuzi 35 na 55 ni sawa. Likipanda kila sekunde bila kusimama, kipozaji hakijagusa prosesa sawasawa.

BIOS isasishwe mapema

Kwa kawaida ushauri wa mafundi ni kutoigusa BIOS inayofanya kazi. Kwenye mashine mpya ushauri huo hautufai, na sababu ziko wazi. Baadhi ya prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 ziligundulika kuomba volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa mapema. Intel ilitoa marekebisho ya msimbo mdogo wa prosesa (microcode) 0x129 mwezi Agosti 2024 na 0x12B Septemba 2024, nayo hufika kwako ndani ya BIOS. Marekebisho huzuia uharibifu; hayaponyi prosesa iliyokwisha haribika. Upande wa AMD, mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 zenye jina linaloishia X3D ziliungua kwa volti ya SoC (sehemu ya prosesa inayohudumia RAM) iliyopanda mno, na BIOS mpya zikaiwekea kikomo cha volti 1.3. Madabodi iliyokaa ghalani inaweza kuwa bado na BIOS ya kabla ya hapo.

Pakua faili ya modeli yako hasa, pamoja na herufi na nambari za mwisho za jina, iweke kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, na usasishe ukiwa ndani ya BIOS, si kwa programu ya ndani ya Windows. Ikiwa mashine imekuja na Windows tayari, sitisha kwanza BitLocker (kufuli ya Windows ya kusimba diski) au hakikisha una ufunguo wake wa tarakimu 48. Mabadiliko ya BIOS huifanya Windows idai ufunguo huo, na asiyekuwa nao hupoteza kila kilichomo.

Baada ya kusasisha, rudisha mipangilio ya msingi. XMP au EXPO (wasifu unaoipandisha RAM hadi kasi iliyotangazwa) bado usiwashe. Kwenye madabodi za Intel, chagua mpangilio wa msingi wa Intel badala ya ule wa mtengenezaji wa bodi, ambao mara nyingi huondoa vikomo vya umeme ili alama za majaribio zipendeze.

RAM kwanza, Windows baadaye

Wengi husakinisha Windows ndipo wapime RAM. Ni kupiga hatua nyuma: RAM mbovu huharibu faili za Windows wakati wa kuziandika, kisha utahangaika na makosa yasiyoisha hata baada ya kijiti kubadilishwa.

Tengeneza flashi ya MemTest86 (programu ya kupima RAM), iwashe kompyuta kutokea humo, na uache mizunguko minne imalizike. Kwa GB 64 anza jioni, usome majibu asubuhi. Hakuna idadi ya makosa inayovumilika. Kosa moja ni kufeli.

Likitokea, jaribu kijiti kimoja kimoja kwenye A2, kisha kwenye B2. Kosa likikifuata kijiti kila kiendako, kijiti ndicho kibovu. Likibaki na sloti hata ukibadilisha vijiti, mshukiwa ni madabodi, au pini zilizopinda kwenye soketi ya prosesa, au kipozaji kilichokazwa upande mmoja zaidi ya mwingine kikasababisha prosesa isiguse pini zote. Vijiti vilivyouzwa kwa jozi hurudishwa kwa jozi.

Vijiti vinne ni kesi ya peke yake. Kwa Ryzen 7000 na 9000, AMD inathibitisha kasi ya 3600 tu sloti nne zikijaa, ilhali kwa viwili ni 5200 kwa 7000 na 5600 kwa 9000. Anayetaka GB 96 na achukue viwili vya GB 48. Kununua seti mbili za jina moja na kuzichanganya si sawa na kununua seti moja ya vinne, kwa sababu hakuna aliyezipima pamoja.

Kusakinisha Windows 11

Flashi iwe na GB 8 au zaidi. SSD utakayowekea mfumo ibaki, nyingine zote zichomolewe. Kisakinishi kina tabia ya kuweka sehemu ya kuwashia kwenye diski nyingine, na siku utakapoitoa hiyo diski kompyuta haitawaka. Kwenye flashi nyingine weka mapema draiva za mtandao za madabodi yako, kwani bodi mpya zina vifaa vya mtandao ambavyo kisakinishi hakivijui, na Windows 11 hukwama ikidai intaneti. Kisakinishi kisipoiona SSD kwenye mashine ya Intel, sababu mara nyingi ni VMD (mfumo wa Intel wa kusimamia SSD): ama ipakie draiva yake hapo hapo, ama izime VMD ndani ya BIOS.

Mfumo ukishawaka, draiva ziende hivi: chipseti, mtandao, sauti, kisha kadi ya picha kutoka kwa NVIDIA, AMD au Intel moja kwa moja. Acha Windows Update imalize kabla hujaanza kupima, la sivyo itakuwekea draiva nyingine ya picha katikati ya jaribio. Fungua "Device Manager": kusiwe na alama ya njano. Andika slmgr /xpr kuona kama leseni imethibitishwa.

Mashine iliyokuja na Windows yake pamoja na antivirasi ya majaribio na programu tano za kuwasha taa za rangi, sisi tungeifuta na kusakinisha upya. Leseni yake kwa kawaida inafungamana na madabodi, itajirudia yenyewe.

Je, umepewa ulicholipia?

Hapa hakuna kuchosha vifaa, ni kusoma tu. GPU-Z itakuonyesha jina la kadi, kumbukumbu yake na njia za data. Kadi ikiwa imepumzika hujishusha, hivyo usishtuke ukiona PCIe 1.1 (toleo la zamani la njia za data), bonyeza alama ya kuuliza pembeni, anzisha jaribio dogo lililomo, ndipo usome. Kadi ya x16 inayobaki x8 ikiwa kazini imeketi vibaya, au SSD imewekwa kwenye sloti inayogawana njia na kadi. Baadhi ya bodi hufanya hivyo sloti fulani ya M.2 (ya SSD) ikijazwa; mwongozo wa bodi una jedwali la kugawana huko. Hakikisha pia Resizable BAR (prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo) imewashwa.

Kasi ya skrini hukaguliwa kwenye mipangilio ya kina ya skrini ya Windows ("Advanced display"). Windows mara nyingi huiacha kwenye Hz 60, na kuna watu wamekaa hivyo mwaka mzima na skrini ya Hz 240.

Kwa SSD, CrystalDiskInfo ionyeshe saa chache tu za kuwashwa na maandishi machache. Ikisoma mamia ya saa, umeuziwa iliyotumika. CrystalDiskMark, mstari wa juu kabisa: PCIe 4.0 nzuri husoma karibu MB 7000 kwa sekunde, PCIe 5.0 za juu huelekea 14,000. Ukipata 3500 kwenye ya 4.0, imekaa kwenye sloti ya 3.0. Nakili pia faili za GB 100 mara moja. Kasi kushuka baada ya muda ni kawaida, akiba ya haraka imejaa. Joto kupita nyuzi 80 si kawaida, na hapo mshukiwa wa kwanza ni karatasi ya nailoni iliyosahaulika kwenye pedi.

Joto na mzigo

Fungua HWiNFO64 kwa kuchagua vipimo pekee ("Sensors-only") na uiache wazi muda wote. Safu ya viwango vya juu kabisa ("Maximum") ndiyo muhimu. Ifute kabla ya kila jaribio. Andika joto la chumba, kwani nyuzi 85 kwenye chumba cha 20 si sawa na nyuzi 85 kwenye chumba cha 32.

Anza na Cinebench, inayoipa prosesa mzigo, kwa dakika 10. Joto peke yake lisikudanganye: Ryzen 7000 nyingi zimeundwa zipande hadi 95 zikipewa mzigo wote, 7800X3D hadi 89, Intel za kizazi cha 13 na cha 14 hadi 100. Soma joto pamoja na wati. Core i9-14900K ikigusa 100 ikila wati 253 inaonyesha kipozaji kimefika mwisho wa uwezo wake. Ikigusa 100 kwa wati 130, kuna kosa la ufungaji: karatasi, pesti ya joto iliyokosa kuenea, skrubu zisizolingana, au pampu iliyosimama. Dalili nyingine ya ufungaji mbaya ni kasi ya kupanda; joto likiruka kutoka 40 hadi kikomo ndani ya sekunde mbili, huenda chuma hakijagusana sawasawa na prosesa.

Fuata na Prime95. Chaguo la "Small FFTs" kwa nusu saa hadi saa moja ni kwa joto na prosesa. "Blend" kwa saa nne au usiku kucha hugusa RAM na kidhibiti chake. Uzi mmoja wa hesabu (thread) ukisimama na ujumbe wa "Rounding was 0.5, expected less than 0.4", prosesa imekosea hesabu. Kwenye mipangilio ya kiwandani hilo halina tafsiri ya upole: irudishe.

Kadi ya picha ipimwe kwa njia mbili tofauti. FurMark kwa dakika 20 inapima joto na umeme. Lakini kwa kuwa inaibana kadi kwenye kikomo cha wati, kasi hushuka, na kadi inayokosea kwenye kasi za juu inapita bila kugundulika. Kwa hiyo ongeza Unigine Superposition au 3DMark ikizunguka kwa saa nzima, kisha mchezo halisi wenye miale ya mwanga (ray tracing). Jaribio la mzigo la 3DMark, lililo kwenye toleo la kulipia, hurudia mara 20 na hudai uthabiti wa angalau asilimia 97. Tazama skrini kwa macho yako: vidoadoa vya rangi, pembetatu zinazochomoza au mistari mara nyingi ni kumbukumbu mbovu ya kadi. Kwa kadi zinazoonyesha sehemu yenye joto kali zaidi, tofauti yake na joto la kawaida ikizidi nyuzi 25, pesti haikuenea vizuri. Feni kusimama kabisa kadi ikipumzika ni muundo. Mlio mwembamba wa koili nao si ubovu, ingawa unakera, na wauzaji wengi hawaupokei kama sababu ya kurudisha.

Mwisho, vyote kwa pamoja: Prime95 ikiacha nyuzi mbili za prosesa (threads) huru, na FurMark juu yake, dakika 30. Hili ni jaribio la pawa saplai. Likiisha, zima, chomoa, kisha kagua plagi ya pini 16 kwa tochi. Rangi ikibadilika kuwa ya kahawia au kukiwa na harufu ya plastiki, usiwashe tena.

Ikianguka, inaangukaje?

Namna ya kuanguka inasema mengi kuliko ujumbe. Mashine ikizimika kama imechomolewa plagi wakati wa mzigo, fikiria pawa saplai, kebo zake, UPS au ekstensheni. Ikiganda na sauti ikijirudiarudia, fikiria prosesa au RAM. Skrini ikiwa nyeusi, feni za kadi zikavuma kwa nguvu huku muziki unaendelea, ni kadi au umeme wake.

Kumbukumbu za matukio za Windows ("Event Viewer") husaidia zikisomwa vizuri. Kernel-Power 41 hunukuliwa sana kama hukumu dhidi ya pawa saplai, lakini inasema jambo moja tu: kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu. Utafute kilichoandikwa dakika moja kabla yake. WHEA-Logger 18 ni kosa la kifaa lisilosahihishika, nambari 19 ni la prosesa lililosahihishwa, na 17 mara nyingi ni la PCIe. Makosa "yaliyosahihishwa" yakiwa mengi kwenye mashine mpya hayapaswi kukufariji. Nambari 4101 ya Display ni draiva ya picha iliyosimama ikafufuliwa. Amri perfmon /rel huonyesha yote kwa siku kwenye ukurasa mmoja.

Ukirekebisha, badilisha kitu kimoja, kisha rudia jaribio lile lile lililofeli. Anayebadilisha draiva, BIOS na RAM jioni moja hupona bila kujua alichokuwa anaumwa, na ugonjwa ukirudi anaanza sifuri.

Sasa washa XMP au EXPO

Mashine ikishapita kwenye mipangilio ya kiwandani, rudi BIOS, washa wasifu wa RAM, na urudie MemTest86 pamoja na Prime95 "Blend". "Task Manager" ionyeshe 6000 badala ya 4800. CPU-Z itaonyesha 3000, maana yenyewe husoma nusu. Makosa yakianza sasa hivi, unajua yametoka wapi. Kirasmi kasi hiyo ni ya kuongeza, prosesa haikuahidiwa kuifikia, na kushuka hadi 5600 kunaweza kutosha. Tofauti kwenye kazi nyingi ni ndogo. Ikiwa mashine iliuzwa nzima ikitangazwa kwa kasi ya 6000, hapo mdai muuzaji.

Ukitaka, panga pia kasi ya feni kulingana na joto: zipande taratibu kuanzia nyuzi 60, na uweke kucheleweshwa kwa sekunde chache zisiwe zinavuma na kutulia kila unapofungua ukurasa. Pampu iache kwenye kasi ya juu isiyobadilika.

Majaribio ambayo hayana mzigo

Kuna mashine zinazopita saa nane za Prime95 kisha zinajizima zikiwa hazifanyi lolote, kwa sababu volti hushuka mno prosesa inapopumzika. Iache imewaka bure usiku mmoja. Ilaze na kuiamsha mara kumi, iwashe ikiwa imepoa kabisa asubuhi, na uianzishe upya mara kadhaa. Kumbuka kwamba kuizima kwa kawaida kwenye Windows 11 si kuzima kamili kutokana na uwashaji wa haraka ("Fast Startup"). "Restart" ndiyo huanza upya kweli.

Kisha vitu vidogo, ambavyo havihitaji maelezo: kila tundu la USB kwa flashi moja, maikrofoni na spika za mbele na za nyuma, Bluetooth, kebo ya mtandao kama inafika kasi iliyoandikwa, na skrini nzima kwa rangi moja moja kutafuta vidoti vilivyokufa.

Piga picha ya alama zako za Cinebench, Superposition na CrystalDiskMark pamoja na joto la kila moja, na nambari za utambulisho (serial number) za kila kifaa kabla ya kufunga ubavu. Hifadhi ufunguo wa BitLocker mahali pengine, tengeneza flashi ya kuokoa mfumo, na chukua nakala kamili ya SSD ikiwa bado safi. Kisha hamisha faili zako, huku nakala za asili zikibaki kwenye diski ya zamani kwa mwezi wa kwanza.